Kuku Wakifa kwa Mkupuo, Tusiseme "Ni Mdondo Tu"

Ndugu msomaji, ukiamka alfajiri ukakuta kuku wanne wamekufa bandani, na wa tano anasinzia mabawa yameshuka, utasema nini? Hapa Kilakala, kama ilivyo Bigwa na vijiji vya juu mlimani, jibu liko tayari mdomoni: mdondo. Kisha yule anayesinzia atachinjwa haraka kabla hajafa, maana kuku aliyekufa ni hasara lakini aliyechinjwa ni kitoweo. Nimekulia katika nyumba iliyofanya hivyo karibu kila kiangazi, wala hatukuona ajabu.

Mdondo haumuui mtu. Lakini upo ugonjwa mwingine wa kuku ambao kwa macho hauwezi kuutofautisha nao. Kuku huzubaa, hutoa kamasi, huharisha, kichwa huvimba, kishungi hugeuka rangi ya zambarau, na banda zima laweza kwisha kwa siku mbili tatu. Wataalamu wa serikali huuita homa ya mafua makali ya ndege. Ni maabara tu iwezayo kusema kwa hakika kama ni huu au ni mdondo. Na huu, tofauti na mdondo, umekwisha kuua watu.

Ulijulikana kwa binadamu mwaka 1997 kule Hong Kong, ambako watu 18 waliugua na 6 wakafa. Serikali ya huko ikaamuru kuku wote wachinjwe, zaidi ya milioni moja kwa siku chache, na ugonjwa ukakoma pale kwa wakati huo. Tangu mwaka 2003 ulipoibuka tena Asia na kuenea, watu zaidi ya 900 wamethibitishwa kuugua katika nchi mbalimbali, na karibu nusu yao wamefariki. Ukilinganisha na malaria, idadi hiyo ni ndogo. Kinachowanyima madaktari usingizi ni kile ambacho virusi hivi bado havijajifunza, yaani kupita kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu.

Virusi vya mafua vina tabia ya kubadilika. Aina mbili zikikutana ndani ya mwili mmoja, huweza kuchanganya vipande vyao kama karata zinavyochanganywa mezani, kikatoka kitu kipya ambacho miili yetu haikijui. Nguruwe ni mahali pazuri pa machanganyiko hayo, kwa kuwa huweza kupata mafua ya ndege na ya watu pia. Wenzetu wa Mgeta wanaofuga nguruwe na kuku ukuta kwa ukuta wasikasirike nikisema hivyo. Mafua yaliyozunguka dunia nzima mwaka 2009 yalitoka kwa nguruwe, na Julai mwaka huo yalikuwa yamefika Tanzania. Yalikuwa mepesi kuliko ilivyohofiwa. Yale ya mwaka 1918 hayakuwa mepesi: hapa kwetu yaliua makumi ya maelfu ya watu waliokuwa wamechoshwa na vita na njaa.

Kwa nini Misri na si nchi nyingine?

Februari 2006 ugonjwa uliingia Afrika. Ulithibitishwa kwanza kaskazini mwa Nigeria, katika shamba la kuku zaidi ya 40,000 mkoani Kaduna. Kuku walikuwa wakifa tangu Januari, na sampuli zilibidi zipelekwe hadi Italia. Muda huo wote kuku wengine walikuwa wakiuzwa sokoni na kusafirishwa kwenye matenga. Kabla mwaka haujaisha, Niger, Kameruni, Burkina Faso, Sudan, Djibouti na Misri nazo zilikuwa zimeupata.

Misri ndiyo iliyoumia kuliko zote Afrika. Mpaka mwaka 2019 watu 359 walikuwa wamethibitishwa kuugua huko, na 120 kati yao walifariki. Wengi hawakuwa wafanyakazi wa mashamba makubwa. Walikuwa akina mama na watoto wanaofuga kuku na bata wachache uani au juu ya dari ya nyumba, wanaowalisha, wanaosafisha banda, wanaochinja na kunyonyoa manyoya kwa mikono yao. Serikali ilipopiga marufuku ufugaji wa darini na kuwaua ndege bila fidia ya kueleweka, watu waliwaficha. Mama mjane mwenye kuku kumi hawezi kumwita ofisa aje kuwaangamiza bure. Wewe ungemwita?

Nalitaja hili kwa kirefu kwa sababu nyumba ile ya Misri ni nyumba yetu. Nani anafungua banda asubuhi hapa Kilakala? Ni mama, au mtoto kabla hajakwenda shule. Nani ananyonyoa kuku wa Pasaka? Ni hao hao.

Serikali yetu imefanya nini?

Haikukaa bure, na ni haki kulisema hilo. Mwaka 2006 ilipiga marufuku kuingiza kuku, mayai na vifaranga kutoka nje, ikaandaa mpango wa dharura uliozikutanisha wizara ya mifugo na ya afya, mambo yaliyokuwa yakifanywa kila mtu na lake. Mwaka 2008 hospitali chache zilizochaguliwa zilianza kupima wagonjwa wa mafua na kupeleka sampuli maabara ya taifa, ili aina mpya ikizuka ionekane. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga waliteketezwa kwa moto. Wengi walilaani, na mimi nakiri picha zile zilinisikitisha, lakini hofu haikuwa ya kubuni. Januari ya mwaka huo huo mafua makali ya ndege yalikuwa yamethibitishwa Uganda, kwanza kwa ndege pori waliokufa kwa wingi kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, kisha kwa bata na kuku wa wilaya ya Masaka. Baadaye mwaka huo yakaonekana Ituri, mashariki mwa Kongo. Katika mawimbi yote mawili, la 2006 na la 2017, Tanzania haikuthibitisha hata kuku mmoja mwenye ugonjwa huo.

Februari 2016 nchi yetu ilikuwa miongoni mwa za kwanza duniani kuwakaribisha wataalamu wa nje waje wapime utayari wake mbele ya milipuko. Mwaka 2018 Waziri Mkuu alizindua mpango wa Afya Moja, wenye dawati katika ofisi yake, kwa msingi kwamba daktari wa watu na daktari wa mifugo wanaangalia kitu kimoja. Juni 2019 Tanzania na Kenya walifanya mazoezi ya pamoja pale Namanga, wakijifanya kuna mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa. Wakazi wa mkoa wetu hawahitaji kuigiziwa homa hiyo. Mwaka 2007 ilitoka kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo ikaingia kwa watu, na zaidi ya 140 wakafa nchini, Morogoro ikiwa miongoni mwa mikoa iliyopigwa.

Je, mipango hiyo hufanya kazi siku ya siku? Machi 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia vijiji vya Bukoba. Serikali iliutangaza, watu zaidi ya 200 waliokuwa karibu na wagonjwa walifuatiliwa, na Juni 2 ukatangazwa kwisha baada ya kuua watu 6. Kwa ugonjwa mkali kiasi kile, hiyo ni kazi nzuri. Lakini tunakumbuka pia miezi ya korona, ambapo takwimu ziliacha kutolewa tangu mwisho wa Aprili 2020 hadi mwaka uliofuata. Januari 2021 ilibidi Baraza la Maaskofu liwakumbushe waamini kwa barua kwamba ugonjwa upo na wajihadhari. Nchi ile ile, wataalamu wale wale. Tofauti ilikuwa kusema au kunyamaza.

Na kusema huanzia chini. Sisi wa Morogoro tuna bahati ambayo wengi hawana. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, chenye madaktari wa mifugo na maabara, kiko mjini hapa hapa, na ndipo ilipotengenezwa programu ya simu iitwayo AfyaData, ambayo watu wa vijijini huitumia kutoa habari za magonjwa ya watu na wanyama. Lakini maabara haiwezi kupima kuku ambaye tayari yuko chunguni.

Hatari yenyewe yaweza kufika bila kupita mpakani. Kuanzia kama Oktoba, ndege wa majini wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia hushuka katika mabonde na mabwawa yetu, tangu bonde la Kilombero mpaka Mindu. Bata wa kufugwa anaweza kuogelea nao, akarudi nyumbani mzima wa afya, na kuwaangamiza kuku wote. Kwa hiyo bata na kuku wasilale banda moja.

Kuku wakifa kwa mkupuo, mwarifu ofisa mifugo wa kata, au mwenyekiti wa mtaa akufikishie habari. Usiwahishe waliobaki sokoni wala usiwatume kwa ndugu mlimani, maana hapo ndipo ugonjwa hupanda basi. Usichinje mgonjwa. Watoto wakae mbali. Mizoga ishikwe kwa mfuko wa plastiki mkononi, na ofisa akishachukua sampuli, ifukiwe shimo refu pasipofikiwa na mbwa, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Mtu wa nyumba hiyo akipata homa kali, kikohozi na kubanwa pumzi ndani ya siku chache, apelekwe hospitali na amwambie daktari habari za kuku bila kungoja aulizwe. Kuku mzima aliyeiva sawasawa mpaka kwenye mfupa hana neno, na supu yake pia.

La fidia nawaachia wakubwa, ila wasilichelewe. Mpango usiomwambia mama mjane atalipwa kiasi gani na lini, utakuwa na mafaili mengi na taarifa chache.

Mwisho, mdondo wenyewe. Chanjo ya tone la jicho, ile ya I-2, hutengenezwa hapa nchini, hustahimili joto kuliko zile za zamani, na hutolewa kila baada ya miezi mitatu. Banda lililochanjwa likianza kufa ghafla, kila mtu atajua kuna jambo geni. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na kikishafunguliwa hakiwekwi, hivyo jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuchanga, zikapanga siku moja ya kuchanja mtaa mzima. Ifanyike jioni, kuku wakiwa wamekwisha kuingia bandani.