Mtandao watumika kuwaliwaza wajawazito, lakini si dawa ya sonona

MJAMZITO anapofika kliniki hupimwa uzito, shinikizo la damu, mkojo na wingi wa damu. Mkunga humpapasa tumbo ili kujua mtoto amelalaje, kisha husikiliza mapigo ya moyo wake. Kadi hujazwa, tarehe ya kurudi huandikwa, na mwingine huitwa. Katika kliniki nyingi hakuna mahali kwenye kadi hiyo pa kuandika iwapo mama mwenyewe anapata usingizi, kama bado anacheka, au kama kuna jambo lolote analolitazamia kwa furaha.

Pengo hilo si dogo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwanamke mmoja kati ya kumi duniani hupatwa na tatizo la afya ya akili wakati wa ujauzito, hasa sonona, na baada ya kujifungua kiwango hupanda hadi asilimia 13. Katika nchi zinazoendelea viwango ni vikubwa zaidi: asilimia 15.6 kabla ya kujifungua na asilimia 19.8 baadaye. Utafiti uliofanywa miongoni mwa wajawazito wa Dar es Salaam, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, uliwakuta takriban wanne kati ya kila kumi wakiwa na dalili za kiwango cha kuhesabiwa kuwa ni sonona. Hali hiyo ilihusishwa na mambo ya uchumi na ya uhusiano na mwenzi.

Madhara yake hayaishii kwa mama. Tafiti nyingi zimehusisha sonona ya wakati wa ujauzito na watoto kuzaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito pungufu. Mwili ukiwa na msongo hutoa homoni iitwayo kotisoli, ambayo hata katika ujauzito wa kawaida huongezeka. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachobadili sehemu kubwa ya homoni hiyo isimfikie mtoto ikiwa na nguvu zake zote, lakini kizuizi hicho hakizuii kila kitu.

Ni katika mazingira hayo ndipo lilipozuka wazo la kutumia mtandao wa intaneti kumfikishia mjamzito mafunzo ya saikolojia chanya nyumbani kwake.

Saikolojia chanya ni tawi changa la elimu ya nafsi. Lilipata msukumo mwaka 1998, Martin Seligman, profesa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alipokuwa rais wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Hoja yake ilikuwa kwamba kwa miongo kadhaa wataalamu walikuwa wamejifunza mengi kuhusu yanayomvunja binadamu, na machache mno kuhusu yanayomsimamisha: shukrani, matumaini, urafiki, na hisia kwamba maisha yana maana. Barbara Fredrickson, mtafiti mwingine wa Marekani, akaeleza kuwa hisia njema si pambo la maisha tu. Hofu humfanya mtu aone njia moja, yaani kukimbia au kupigana. Furaha na utulivu humpanua fikra, naye taratibu hujijengea akiba ya maarifa, marafiki na uvumilivu atakayoitumia siku za dhiki.

Kwa mjamzito hoja hiyo ina uzito wa pekee. Miezi tisa ni muda wa kujiandaa, na akiba ya namna hiyo ndiyo anayoihitaji usiku ambao mtoto hatanyamaza.

Jaribio lililoifungulia milango njia ya mtandao lilichapishwa mwaka 2005. Seligman na wenzake watatu waliwaalika watu kupitia tovuti, na watu 577 wakagawanywa kwa bahati nasibu wafanye mazoezi mbalimbali kwa wiki moja. Baadhi waliambiwa waandike kila usiku mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo pamoja na sababu ya kila moja. Wengine walitakiwa kutumia kipawa chao kikuu kwa namna mpya kila siku. Wapo walioandika barua ya shukrani na kumpelekea mkono kwa mkono mtu waliyekuwa hawajamshukuru ipasavyo. Kundi la kulinganisha liliandika tu kumbukumbu za utotoni.

Walioandika mambo matatu na waliotumia vipawa vyao waliendelea kuonyesha furaha zaidi na huzuni pungufu hadi miezi sita baadaye. Barua ya shukrani ilileta mruko mkubwa zaidi mwanzoni, kisha athari yake ikafifia ndani ya miezi michache. Walionufaika zaidi walikuwa wale walioendelea na zoezi kwa hiari yao baada ya wiki ile kwisha. Ni vyema kukumbuka, hata hivyo, kwamba wengi wa washiriki walikuwa Wamarekani weupe wenye elimu, watu waliotafuta tovuti hiyo wenyewe. Hao si picha ya binadamu wote.

Wajawazito walifikiwa baadaye. Mwaka 2017 watafiti wa Ireland, Karen Matvienko-Sikar na Samantha Dockray, walichapisha matokeo ya jaribio la awali lililowahusisha wajawazito 46. Kwa wiki tatu, walio katika kundi la mafunzo waliandika shajara ya shukrani kwa njia ya mtandao na kusikiliza maelekezo yaliyorekodiwa ya kuupitia mwili kwa utulivu, kiungo baada ya kiungo. Msongo wao ulipungua wakilinganishwa na wale ambao hawakupewa mafunzo. Mwaka uliofuata, watafiti wa Hispania na wenzao walichapisha tathmini ya kozi ya mtandaoni ya saikolojia chanya iliyotungwa mahsusi kwa wajawazito. Nayo ilihusu kundi dogo.

Mazoezi yenyewe ni mepesi kuliko jina lake la kitaalamu. Mama huandika jambo moja au mawili ya siku: mtoto amecheza tumboni wakati wa adhana ya alfajiri, jirani amemletea ndizi, kichefuchefu kimempa nafasi ya kula chakula cha mchana. Anaombwa atue kidogo kwenye jambo hilo badala ya kulipita. Zoezi jingine humtaka aandike jinsi maisha yake yatakavyokuwa baada ya mwaka mmoja ikiwa mambo yatakwenda vizuri kadiri inavyowezekana: mtoto yuko wapi, nani anamsaidia, yeye mwenyewe anafanya kazi gani. Zoezi hilo lilitokana na utafiti wa Laura King wa mwaka 2001, uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kwa mjamzito lina faida ya ziada, kwa sababu akifika kwenye swali la nani atamsaidia hulazimika kufikiri jina, na pengine kumpigia simu mwenye jina hilo mapema.

Sababu ya kutumia mtandao inaeleweka. Mjamzito huchoka, foleni za kliniki ni ndefu, nauli ni ghali, na wataalamu wa saikolojia ni wachache. Somo la dakika kumi linaweza kusomwa kitandani. Tena wapo wanawake wanaoona haya kusema mbele ya mkunga kwamba hawafurahii mimba waliyoiomba kwa Mungu miaka mingi.

Lakini yapo mambo ambayo wauzaji wa programu za simu hawapendi kuyasema. La kwanza ni kwamba watu huacha. Kozi za mtandaoni zisizo na mtu wa kumfuatilia mshiriki hupoteza wengi njiani, na aghalabu wanaoacha ndio waliolemewa zaidi. La pili ni zito zaidi. Mwanamke anayepigwa nyumbani, au asiyejua kodi ya chumba itatoka wapi, hakosi shajara ya shukrani. Akiambiwa tu ahesabu mema yake, anaweza kuondoka akiamini kwamba huzuni yake ni kosa lake, na juu ya mzigo aliokuwa nao akaongezewa hatia.

Kwa sababu hiyo wataalamu hutofautisha kati ya kustawisha moyo wa mtu aliye mzima na kumtibu aliyeugua. Kwa tiba, ushahidi wenye nguvu unatoka kwingine. Mwaka 2008 Atif Rahman na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika vijijini karibu na Rawalpindi, Pakistan, likiwahusisha kina mama 903 waliokuwa na sonona tangu ujauzito. Wahudumu wa afya ya jamii, wanawake wa vijiji hivyohivyo wasio wanasaikolojia, walifundishwa kuwasaidia kina mama kuzitambua fikra zinazowaumiza na kuzibadili, wakiwatembelea nyumbani. Mtoto alipofikia miezi sita, asilimia 23 ya kina mama waliotembelewa kwa utaratibu huo ndio waliokuwa bado na sonona, dhidi ya asilimia 53 ya wale waliotembelewa bila mafunzo hayo. WHO iliyafanya mafunzo hayo kuwa mwongozo wake mwaka 2015. Hapakuwa na tovuti. Palikuwa na mtu aliyebisha hodi.

Afrika Mashariki ina uzoefu wake wa kutumia simu kwa ajili ya wajawazito, ingawa sehemu kubwa umehusu mwili kuliko moyo. Zanzibar, katika jaribio lililohusisha wanawake 2,550, wajawazito walipelekewa ujumbe mfupi wa maneno na kupewa vocha ya kumpigia mkunga. Waliojifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60, ilhali kwenye kundi la kulinganisha walikuwa asilimia 47. Manufaa hayo yalionekana kwa wanawake wa mjini, wala si wa shamba. Tanzania Bara kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa mwaka 2012, iliwapelekea wazazi ujumbe wa bure kwa Kiswahili. Nchini Kenya huduma ya PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health humruhusu mama kuuliza swali kwa ujumbe mfupi na kujibiwa.

Huduma za namna hiyo zinaonyesha kuwa njia ipo, na kwamba si lazima kila mama awe na simu ya kisasa au kifurushi cha intaneti. Zinaonyesha pia palipo na kikwazo. Katika nyumba nyingi simu ni moja na mwenye nayo ni mume. Ujumbe unaouliza "Mama, moyo wako uko vipi leo?" ukisomwa kwanza na mtu mwingine, jibu litakalorudi huenda lisiwe la mama.

Upo mtihani mfupi unaoweza kusaidia kujua nani afaidike na mazoezi na nani apelekwe hospitali. Kipimo cha Edinburgh, kilichotungwa na John Cox na wenzake mwaka 1987, kina maswali kumi kuhusu siku saba zilizopita, kila jibu likipewa alama kuanzia sifuri hadi tatu. Kilikusudiwa wanawake waliojifungua, kisha kikaanza kutumika kwa wajawazito pia. Maswali mawili ya kwanza hayaulizi juu ya huzuni. Yanauliza kama mama bado anaweza kucheka, na kama bado ana mambo anayoyatazamia kwa furaha. Kwa hiyo, hata kabla saikolojia chanya haijapewa jina, wakunga na madaktari walikuwa wamekwisha kuona kwamba kutoweka kwa furaha ni dalili ya kupimwa kama homa inavyopimwa.

Swali la kumi linahusu mawazo ya kujidhuru. Mama akilijibu kwa namna yoyote isipokuwa "hapana, kamwe", hata kama alama zake nyingine zote ni ndogo, huonwa na mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo aliyepoteza usingizi na hamu ya chakula kwa zaidi ya wiki mbili, au anayeanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hapewi zoezi la kuandika. Hupelekwa kituo cha afya, na ni bora asiende peke yake.