Siku ya Kazi za Wanafunzi: Maana Yake Chuoni na Nafasi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Neno chuo lina historia ifaayo kukumbukwa kabla ya kuingia katika mada hii. Katika Kiswahili cha kale chuo ni kitabu; Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ni ya mwaka 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali. Baadaye neno hilo likahamia mahali ambapo kitabu husomwa, mtoto akawa anakwenda chuoni kujifunza Kurani, na hatimaye likapewa taasisi za elimu ya juu. Kitenzi hitimu kimefuata njia iyo hiyo. Aliyehitimu hapo kwanza ni mtoto aliyeumaliza msahafu, na jambo hilo halikuishia baina yake na mwalimu wake. Jamaa na majirani walikusanyika, mtoto akasoma, nao wakasikia. Elimu yake ilikuwa na mashahidi.

Mwanafunzi wa leo wa shahada ya kwanza ana mashahidi wachache kuliko mtoto yule. Tasnifu yake husomwa na msimamizi wake, na mtahini mmoja au wawili. Kisha hutiwa alama na kufungiwa kabatini. Hadithi alizozikusanya kijijini kwao, msamiati wa wavuvi alioufuata kwa nauli yake mwenyewe, tamthilia aliyoiandika usiku baada ya mihadhara, vyote hulala humo. Katika idara za lugha za Kiafrika hasara hii ni nzito zaidi, kwa kuwa mengi ya hayo hayamo katika kitabu kingine chochote, na msimulizi mzee hangojei toleo la pili.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza desturi moja iliyobuniwa ili kuzitoa kazi hizo kabatini, yaani siku maalumu ambayo chuo kizima huacha shughuli zake za kawaida ili kusikiliza utafiti na sanaa za wanafunzi. Itaelezwa jinsi siku hiyo inavyoendeshwa, asili yake, yale yaliyoitangulia Afrika Mashariki, na masharti yanayotakiwa ili iwe na manufaa kwa Kiswahili.

2. Siku yenyewe

Mfano ulio wazi ni ule wa Wellesley, chuo cha wanawake kilichofunguliwa mwaka 1875 karibu na mji wa Boston, Marekani. Tangu mwaka 1997 chuo hicho kimekuwa na mkutano uitwao Ruhlman, uliopewa jina la Barbara Peterson Ruhlman, mhitimu wa mwaka 1954. Siku hiyo madarasa husimamishwa. Wanafunzi, wahadhiri, wafanyakazi, wazazi na wahitimu wa zamani huwa hadhira moja, na wanaosimama mbele ni wanafunzi. Chuo cha Bates, katika jimbo la Maine, nacho kina siku ya namna hiyo iliyopewa jina la kilima kilicho kando ya chuo, Mount David.

Utaratibu wake si mgumu. Miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe mwanafunzi hupeleka ikisiri ya kazi yake, naye huwa na mhadhiri anayemwongoza. Kazi zilizokubaliwa hupangwa kwa namna mbalimbali. Ziko zinazosomwa kama makala fupi, zikifuatwa na maswali. Ziko za majopo, ambapo wanafunzi watatu au wanne hulizungumzia jambo moja, kila mmoja kwa upande wake. Ziko zinazobandikwa kwenye mabango. Hapo mwandishi husimama kando ya bango lake na kulieleza upya kwa kila apitaye. Aidha kuna maonyesho ya picha na vinyago, muziki, michezo ya kuigiza, na usomaji wa mashairi na hadithi walizozitunga wanafunzi wenyewe.

Yafaa kutazama kwa makini mambo mawili katika utaratibu huo. La kwanza ni kusimamishwa kwa madarasa. Sherehe ya idara moja huhudhuriwa na watu wa idara hiyo. Lakini chuo kizima kinaponyamaza, mwanafunzi wa kemia hana udhuru wa kutokwenda kusikiliza utafiti wa lahaja, wala yule wa lahaja hana udhuru wa kuikwepa kemia. La pili ni kuwekwa kwa utafiti na sanaa katika ratiba moja. Kwa mpango huo chuo hukiri kwamba anayetunga naye anatafuta ujuzi, na kwamba mtafiti hana budi kujua kusimulia.

3. Asili ya desturi hii

Wazo kwamba mwalimu na mwanafunzi wa chuo kikuu ni watafutaji wa elimu iliyo moja huhusishwa sana na Wilhelm von Humboldt na Chuo Kikuu cha Berlin, kilichofunguliwa mwaka 1810. Hata hivyo, kwa muda mrefu wazo hilo liliwafaa zaidi wanafunzi wa shahada za juu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza alibaki mpokeaji wa mihadhara.

Badiliko kubwa lilitokea katika nusu ya pili ya karne ya ishirini. Mwaka 1969, katika chuo cha MIT, Margaret MacVicar alianzisha mpango wa kuwashirikisha wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wa walimu wao. Mwaka 1978 likaundwa nchini Marekani baraza la kuhimiza utafiti wa wanafunzi hao, na mwaka 1987 mkutano wao wa kwanza wa taifa ukafanyika Asheville, North Carolina. Kisha mwaka 1998 ripoti ya Tume ya Boyer ikavilaumu vyuo vikuu vikubwa vya utafiti kwa kuwasahau wanafunzi wa shahada ya kwanza. Siku za chuo kizima zilienea katika hali hiyo. Kwa hiyo hazikuzuka kama burudani; zilikuwa jibu kwa lawama.

4. Yaliyotangulia Afrika Mashariki

Itakuwa kosa kudhani kwamba desturi hii haina jamaa katika vyuo vya Afrika Mashariki. Jarida la Penpoint lilianza Makerere mwaka 1958, likachapisha maandishi ya wanafunzi ambao baadaye walijulikana ulimwenguni. Mwezi wa Novemba 1962 tamthilia ya The Black Hermit, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong’o alipokuwa angali mwanafunzi, iliigizwa katika Ukumbi wa Taifa mjini Kampala. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri, wanafunzi wakawapelekea watu sanaa yao nje ya kuta za chuo.

Mfano wenye mafunzo zaidi kwa mada hii ni wa Dar es Salaam. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu kilichokuwapo wakati huo waliingia katika mradi wa kutafiti Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Walikwenda sehemu zilizopigana, wakawahoji wazee waliozikumbuka habari hizo, na matokeo yakakusanywa katika juzuu ambalo wanahistoria wanalitumia hadi leo. Mwaka uliofuata, 1969, ikachapishwa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein juu ya vita vivyo hivyo. Utafiti na sanaa vilikutana katika chuo kimoja, juu ya jambo moja, bila ya siku rasmi kutangazwa.

Lakini njia za kazi hizo mbili hazikufanana. Uchambuzi wa kihistoria uliandikwa kwa Kiingereza, nao ukawafikia wanahistoria. Tamthilia iliandikwa kwa Kiswahili, ikaingia madarasani na majukwaani, ikasomwa na vizazi vya vijana ambao hawajaliona juzuu lile. Hii haina maana kwamba sanaa ni bora kuliko utafiti. Bila ya utafiti kumbukumbu za wazee wale zingepotea. Maana yake ni kwamba lugha ya kuwasilishia huamua nani atakuwa shahidi wa kazi. Mzee aliyehojiwa kwa Kiswahili na asiyejua Kiingereza alitoa maneno yake, yakaenda mahali asipoweza kuyafuata.

5. Nafasi ya Kiswahili

Hapa ndipo siku ya kazi za wanafunzi inapozihusu idara za lugha za Kiafrika. Tangu mwaka 2022 dunia imekuwa ikiadhimisha Siku ya Kiswahili tarehe 7 Julai, kufuatia azimio la UNESCO la Novemba 2021. Siku hiyo huisifu lugha. Siku inayozungumziwa hapa huitumia lugha kazini, na hilo ni jaribio gumu zaidi.

Mwanafunzi wa Kiswahili asimamaye mbele ya chuo kizima hukabiliwa na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kukimbilia Kiingereza ili aeleweke na wote. Cha pili ni kujificha nyuma ya istilahi: mofimu, kipashio, ukubalifu, fonimu. Istilahi hizo ni za lazima darasani, lakini mwanafunzi wa kilimo aliyesimama mbele ya bango hazijui, naye ataondoka akiamini kwamba Kiswahili cha kitaalamu si chake.

Iko njia ya tatu. Mtu anayetaka kueleza upatanisho wa ngeli kwa mgeni anaweza kuanza na sentensi moja, kwa mfano “kisu kikali kimepotea,” akamwonyesha jinsi ki- ya jina inavyojitokeza tena katika kivumishi, na tena katika kitenzi, kisha akamwuliza mgeni aibadilishe iwe “visu.” Mgeni atakuwa amefanya uchambuzi kwa kinywa chake mwenyewe kabla ya kuambiwa jina la uchambuzi huo. Vile vile mwanafunzi wa udongo anayelazimika kueleza kwa Kiswahili kwa nini shamba fulani limechoka atayatafuta maneno walio nayo wakulima, na pengine atagundua kwamba wakulima wamekwisha kuyapambanua mambo ambayo kitabu chake kimeyataja kwa neno moja. Kwa njia hii lugha hupata msamiati wa kitaalamu kutokana na haja, si kutokana na orodha.

6. Hatari na masharti

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayeipinga siku hii aweza kuishika methali hiyo, na hoja yake haifai kupuuzwa. Siku ya namna hii yaweza kugeuka soko la mapambo: hotuba ya mgeni rasmi ikala asubuhi nzima, zawadi zikagawanywa, picha zikapigwa, na mwanafunzi asiulizwe swali hata moja. Makofi si ushahidi. Shahidi ni yule aliyesikia vya kutosha hata akaweza kuuliza, kukanusha au kuongeza.

Hatari ya pili ni nzito kuliko hiyo, nayo ni ya pekee kwa wanaokusanya fasihi simulizi. Si kila kilichokabidhiwa kwa mtafiti kimekabidhiwa kwa umma. Mwanafunzi wa kike aweza kuruhusiwa na makungwi kusikia nyimbo za unyago kwa sababu yeye ni mwari wao. Ruhusa hiyo haimpi haki ya kuzipiga kwa kipaza sauti mbele ya wanaume mia mbili. Vivyo hivyo dua za waganga, na habari za ugomvi wa koo. Mwanafunzi anayeyaonyesha hayo ili ashangiliwe hujifungia mlango yeye na watafiti watakaomfuata. Ni wajibu wa msimamizi kuuliza mapema: aliyetoa maneno haya alijua yatakwenda wapi?

Kwa hiyo masharti ya siku yenye manufaa ni machache lakini hayakwepeki. Muda wa maswali usipungue muda wa kusoma makala. Kazi ambayo haijakamilika ikubaliwe, mradi mwenyewe aonyeshe mahali alipokwama. Wasimulizi na manju waliochangia waalikwe, walipiwe nauli, na wakae mbele. Hatimaye kila kazi iwekewe nakala katika maktaba kwa ruhusa ya wahusika, ili mwanafunzi wa mwaka ujao aanzie pale mwenzake alipoishia.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba siku ya kazi za wanafunzi ni desturi changa kwa umbo lake, lakini haja inayoitimiza ni ya zamani: elimu kutolewa mbele ya watu wanaoweza kuipima. Wengine wa watu hao ni wenzake wa vitivo vingine. Wengine ni wale waliompa mwanafunzi maneno, nao ndio wapimaji wagumu kuliko wote. Bibi aliyesimulia hadithi akiisikia imesomwa ukumbini, akainua mkono na kusema kwamba sivyo alivyoimaliza, tasnifu itakuwa imepata mtahini ambaye hakuna kanuni ya chuo iliyomteua. Mwanafunzi na atoe kalamu, aandike mwisho ule.