Watoto Wanataka Kucheza, Safari Imefika Mang'ula

Umeshuka Mang'ula na watoto, mmepata gesti, na kesho mko hapa kutwa nzima. Watoto wameshaanza kuuliza pa kucheza. Usipoteze muda kutafuta kituo cha michezo chenye geti na tiketi. Pesa yako ina njia tatu: uwanja wa mtaani, msitu wa Udzungwa, au nauli ya kwenda mji wa Ifakara. Anza na uwanja. Bajeti ikiruhusu, ongeza msitu. Ifakara nenda ukiwa na shughuli nyingine huko.

Uwanja hauna kiingilio. Ukiwa wa shule, pita kwanza ofisini kwa mwalimu uombe ruhusa. Watoto wa hapo watawapokea wako kwenye chandimu kabla hujakaa chini, hasa mkija na mpira. Na gharama yenyewe ni huo mpira. Wa plastiki ni rahisi na unapatikana dukani, ila mwiba mmoja unaumaliza. Wa ngozi ni ghali zaidi, lakini ukitoboka unazibwa, na utarudi nao nyumbani. Kabla ya kulipa, uliza kama sindano ya pampu imo kwenye bei. Kwa mchana mmoja tu, chukua wa plastiki. Kama safari bado ni ndefu, wa ngozi unalipa.

Daluga msinunue, raba zinatosha. Beba maji kutoka gesti, maana maji ya chupa kwa watoto wanaokimbia juani huisha haraka na kila chupa ni hela. Nendeni jua likipungua, na mrudi kabla ya magharibi: bonde la Kilombero lina malaria, na dozi nayo ni gharama. Wakati wa masika uwanja huwa tope, kwa hiyo bajeti ya sabuni nayo iwemo.

Msitu wenyewe ni Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, na makao makuu yake yako hapahapa Mang'ula. Ukiilinganisha na hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 60 kutoka hapa, unafuu wake ni mkubwa: Mikumi unahitaji gari la kuzungukia, Udzungwa mnatembea kwa miguu. Kwa familia isiyo na gari, hiyo pekee inatosha kuamua.

Lakini usipige hesabu ya kiingilio peke yake. Kuna VAT ya asilimia 18, inayogeuza kila 5,000 kuwa 5,900. Kuna malipo ya mwongozaji. Uliza kama ni kwa kundi au kwa kila kichwa. Wenye umri chini ya miaka 5 hawalipi, na wa miaka 5 hadi 15 wana bei yao, hivyo beba nakala za vyeti vya kuzaliwa. Wewe beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu raia hulipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu, si noti mkononi, kwa hiyo weka salio kwenye simu mapema na uhesabu makato yake.

Kila mtu atakutajia maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170. Ni mazuri kweli, lakini njia yake inaanzia kijiji cha Sanje, yaani nauli nyingine, kisha kupanda kwa saa kadhaa. Mtoto wa miaka 6 utambeba, na hela yote uliyolipa itaishia mgongoni kwako. Wenye watoto wadogo wachague njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, karibu na makao makuu. Sanje iwe ya vijana wenye miguu.

Barabara ya Ifakara sasa ni ya lami, safari si ya mateso kama zamani. Hata hivyo familia ya watu wanne, kwenda na kurudi, ni nauli nane, bado chakula na bajaji ya mjini. Kondakta akikubali mtoto apakatwe, patana kabla hamjapanda.

Na mtoto akiomba kuogelea mtoni kwa sababu ni bure, kataa. Mto Kilombero una mamba na viboko, na maji yaliyotuama huwa na kichocho. Kama lazima aogelee, ulizia hoteli yenye bwawa linalopokea wasiolala hapo, na ujue kabla ya kuvua viatu kama bei ni ya kuogelea tu au mnalazimika kununua chakula.