Picha Ghafi na Namna ya Kuigeuza Ndani ya Kamera

Kila baada ya mahafali wazazi hutuuliza: kwa nini picha zilizopigwa kwa kamera kubwa hazifunguki katika simu zetu? Tumeona ni vyema tulieleze jambo hili, kwani dawa yake mara nyingi imo ndani ya kamera yenyewe.

Kamera nyingi za kidijitali huhifadhi picha kwa namna mbili. Ya kwanza ni JPEG, muundo uliowekewa kanuni mwaka 1992, ambao takriban kila simu na kompyuta huufahamu. Ya pili ni picha ghafi. Hii kwa hakika bado haijawa picha. Ni kumbukumbu ya mwanga kama kamera ilivyoupokea, mfano wa unga ambao haujakandwa. Kampuni nyingi zina miundo yao: Nikon hutumia NEF, Canon CR2 na CR3, Fujifilm RAF. Ndiyo maana simu nyingi huikataa.

Basi faida yake nini? JPEG ya kawaida huweka ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi. Ghafi ya biti 14 huweka ngazi 16,384. Chukulieni ukumbi wenye taa za manjano: kanzu nyeupe za wanafunzi hutoka kama zimechovywa kwenye chai. Ikiwa picha ni ghafi, weupe ule hurudishwa pasipo kuiharibu, na uso uliofichwa na kivuli hupata nuru. Ama sehemu iliyoungua kabisa kwa mwanga, kama dirisha lililo nyuma ya jukwaa, hiyo haina tiba hata katika ghafi.

Si kila kamera huweza kugeuza, hivyo someni kwanza kitabu cha maelezo. Nikon D90 ya mwaka 2008 iliweza, na Canon EOS 60D ya mwaka 2010 pia. Fungua picha kwenye kioo cha kamera, ingia kwenye menyu, tafuta palipoandikwa RAW, kisha rekebisha mwangaza, weupe na ukubwa. Ukithibitisha, baada ya muda mfupi JPEG mpya huandikwa kwenye kadi, na ghafi hubaki kama ilivyokuwa. Kwa kutuma kwenye simu, ukubwa mdogo unatosha. Ya kuchapwa na kutundikwa ukutani iwe kubwa.

Fanyeni kazi hii kivulini, kwani kioo cha kamera hudanganya juani. Wala msitaraji kamera ya kampuni moja igeuze ghafi ya nyingine.

Wengi wakishapata JPEG hufuta ghafi ili kadi ipate nafasi. Sisi hatuliafiki hilo, kwa sababu JPEG haiwezi kurudishwa kuwa ghafi. Nakilini kwanza ghafi kwenye kompyuta na kwenye diski nyingine, mhakikishe zinafunguka, ndipo kadi isafishwe.