Ali, Tyson ao Bakole: nani angempiga mwenzake? Kinshasa ilisha kutoa somo tangu 1974

Kule Katoyi, ndani ya commune ya Karisimbi, mabishano juu ya wapiga ngumi hayana saa. Yanaanza kwenye parking ya motari, yanaendelea kwa kinyozi, yanaishia nganda. Wazee wanasema hakuna mtu kama Muhammad Ali, na wanaongeza kwamba yeye alipigana hapa hapa inchini. Waliokua na kaseti za video wanasema Mike Tyson angemaliza kila mtu kwa raundi mbili. Vijana wanaleta jina la Martin Bakole, mtoto wa Kananga, mwenye urefu wa karibu mita mbili na kilo za kupita 125, na wanauliza: Ali wa kilo 98 angemuweza namna gani?

Swali ni la kuchezea, lakini haiko la bure. Namna mtu anavyolijibu njo inaonyesha kama anaelewa mchezo wa ngumi, ao anahesabu majina tu. Na kwa kijana wa Goma anayeenda mazoezini akiota kupanda ulingoni, ao yule anayeweka pesa yake kwenye pari, kuhesabu vibaya kunaweza kumugarimu sana.

Hesabu iliyodanganya dunia

Watu wengi wanajibu hivi: fulani alimpiga fulani, huyo naye alimpiga mwingine, basi wa kwanza atampiga wa mwisho. Inaonekana hesabu ya akili. Mwaka 1974 karibu dunia yote ilihesabu vile.

Tuangalie majina. Mwezi wa tatu 1971, mjini New York, Joe Frazier alimpiga Ali kwa pointi. Mwezi wa tatu 1973, Ken Norton naye akampiga Ali na kumvunja taya. Kweli, baadaye Ali alilipiza kisasi kwa wote wawili, lakini kwa pointi tu, na kwa jasho. Halafu akaja George Foreman. Mwezi wa kwanza 1973, kule Kingston, Jamaika, alimwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili, akachukua mukanda wa dunia. Mwezi wa tatu 1974, kule Caracas, Venezuela, alimaliza Norton pia kwa raundi ya pili.

Basi hesabu ilikuwa wazi. Watu waliomsumbua Ali, Foreman aliwapiga kama watoto. Foreman alikuwa na miaka 25, mapigano 40 bila kushindwa hata mara moja, na 37 kati ya hayo aliyamaliza kabla ya mwisho. Ali alikuwa na miaka 32. Hata marafiki wa Ali walikuwa na woga juu yake.

Tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, saa kumi ya alfajiri, wote wawili walipanda ulingoni Kinshasa, kwenye Stade du 20 Mai, ile inayoitwa leo Stade Tata Raphaël. Saa ile ilichaguliwa ili Wamarekani waangalie mangaribi kwao. Serikali ya Mobutu ilikuwa imesimamia malipo ya dola milioni 5 kwa kila mmoja. Uwanja wote ulipiga kelele kwa Lingala: Ali boma ye, maana yake Ali, muue.

Ali hakukimbia sawa vile watu walivyongoja. Tangu raundi ya pili aliegemea kamba, akafunika uso, akamwacha Foreman apige mikono na mbavu. Katikati alimrudishia ngumi za haraka usoni. Joto lilikuwa kali, na Foreman alikuwa amezoea kumaliza kazi mapema. Kwenye raundi ya tano mikono yake ilianza kuwa mizito. Kwenye raundi ya nane Ali alitoka kwenye kamba, akamwangusha, na muamuzi akahesabu mpaka mwisho.

Kwa nini hesabu ilianguka? Sababu Frazier alikuwa mtu wa kwenda mbele, na kila hatua ya mbele ilimpeleka kwenye ngumi za Foreman. Norton naye hakujua kupigana akisukumwa nyuma. Ali alijua. Ufunguo unaofungua kufuli ya jirani hauwezi kufungua kila kufuli ya mtaa. Frazier alikuwa mbaya kwa Ali, Foreman alikuwa mbaya kwa Frazier, Ali alikuwa mbaya kwa Foreman. Ni duara, haiko ngazi.

Redio na mashine vilijaribu pia

Mabishano haya hayakuanzia Goma. Mwaka 1967, kule Marekani, mtengenezaji wa vipindi vya redio aliyeitwa Murray Woroner alichukua majina ya wapiga ngumi 16 wa uzito wa juu wa nyakati mbalimbali. Akaweka habari zao ndani ya kompyuta, na mashine ikatoa matokeo. Kila pambano lilitangazwa kwenye redio sawa vile linapita kweli, na watu walisikiliza kwa hamu.

Fainali ilikuwa ya Rocky Marciano na Jack Dempsey, na Marciano akashinda. Lakini Ali alikasirika vikali. Mashine ilimtoa mapema, mbele ya Jim Jeffries, bingwa wa zamani sana aliyeshika taji tangu 1899. Ali akapeleka mashtaka, akidai dola milioni moja juu ya jina lake kuharibiwa.

Mambo yaliishia kwenye sinema. Mwaka 1969, Ali, ambaye wakati ule alikuwa amefungiwa kupigana juu ya kukataa kwenda jeshini, na Marciano, ambaye alikuwa amestaafu tangu 1956, waliigiza pambano mbele ya kamera. Marciano alikufa kwenye ajali ya ndege mwezi wa nane mwaka ule ule, mbele sinema haijatoka. Ilipoonyeshwa mwezi wa kwanza 1970, Wamarekani waliona Marciano akishinda kwa K.O. ya raundi ya 13. Watazamaji wa Ulaya walionyeshwa mwisho mwingine: Ali mshindi.

Mashine moja, wapiga ngumi wale wale, washindi wawili. Kompyuta inarudisha kile mtu alichoweka ndani yake.

Ni Tyson gani? Ni Ali gani?

Kosa la pili ni kusahau kwamba jina moja linabeba watu wengi. Tyson wa mwezi wa kumi na moja 1986 alikuwa na miaka 20, akawa bingwa wa dunia kijana kuliko wote wa uzito wa juu. Tyson wa mwezi wa pili 1990, mjini Tokyo, alipigwa K.O. na Buster Douglas, mtu ambaye karibu hakuna aliyemwekea pesa. Miaka mitatu na kidogo ilikuwa imepita, na mtu alikuwa amebadilika.

Kuna mlolongo mwingine ambao mashabiki wa Tyson wanaupenda. Larry Holmes alimpiga Ali mwaka 1980. Tyson alimaliza Holmes mwaka 1988 kwa raundi ya nne. Basi Tyson angempiga Ali? Apana. Ali wa 1980 alikuwa na miaka 38, mwili umechoka, na kocha wake alisimamisha pambano baada ya raundi ya 10. Holmes wa 1988 naye alikuwa na miaka 38, akitoka kwenye mapumziko ya karibu miaka miwili. Mlolongo ule unaunganisha wazee wawili, hauseme kitu juu ya Ali wa Kinshasa. Tyson mwenyewe, kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1989, Ali akiwa amekaa karibu yake, alikubali kwamba Ali njo mkubwa.

Na Foreman? Yule aliyelala chini Kinshasa alirudi kuwa bingwa wa dunia mwezi wa kumi na moja 1994, miaka 20 baadaye, akiwa na miaka 45. Hakuwa tena na haraka ya ujana, lakini alikuwa amejifunza kungoja.

Kilo na sheria zimebadilika

Uzito wa juu hauna mpaka wa juu, njo maana watu wa nyakati mbalimbali hawalingani. Marciano, aliyestaafu na ushindi 49 bila kushindwa, alipigana na kilo karibu 85. Leo mtu wa kilo zile angewekwa kwenye kundi la chini, lenye mpaka wa kilo 90.7. Hilo njo kundi la Ilunga Makabu, ndugu ya Bakole, aliyechukua mukanda wa WBC Kinshasa mwezi wa kwanza 2020.

Lakini kilo hazimalizi kila kitu. Mwezi wa tano 2024, Oleksandr Usyk wa Ukraine, mwenye kilo karibu 101, alimpiga Tyson Fury mwenye kilo karibu 119, akakusanya mikanda yote.

Raundi nazo zimepungua. Ali na Foreman walikuwa wamepangiwa raundi 15. Leo pambano la taji ni raundi 12. Mabadiliko yalianza baada ya kifo cha Mkorea Kim Duk-koo mwaka 1982, aliyeangushwa kwenye raundi ya 14. Mtu wa leo mwenye kilo nyingi anapanga pumzi yake kwa raundi 12. Mwongezee tatu, na hesabu yote inabadilika.

Bakole wa siku gani?

Mfano mzuri zaidi ni wa karibu. Mwezi wa nane 2024, kule Los Angeles, Bakole alimwangusha Mmarekani Jared Anderson, ambaye hakuwa amewahi kushindwa, na pambano likasimamishwa raundi ya tano. Alikuwa amejitayarisha, na kilo zake zilikuwa karibu 129.

Mwezi wa pili 2025, kule Riyadh, Daniel Dubois aliugua, na Bakole, aliyekuwa Congo, akaitwa kumi na moja ya saa kujaza nafasi yake mbele ya Joseph Parker. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu. Alifika akiwa na kilo za kupita 140. Raundi ya pili pambano lilikwisha, Bakole chini.

Ni mtu mmoja, jina moja, na hata miezi saba haikupita kati ya mapigano hayo. Kilichotofautiana ni matayarisho. Kama Bakole hawezi kulinganishwa hata na Bakole, mtu atamlinganisha namna gani na Ali bila kusema siku?

Namna ya kubishana vizuri

Mbele ya kujibu, mwenye kubishana aulize mambo mane. Kila mmoja ni wa mwaka gani? Anapigana namna gani, na mwenzake anachukia nini? Kilo ngapi kila upande? Raundi ngapi? Kwa mfano, Ali wa Kinshasa na Bakole wa Los Angeles, raundi 15: raundi nne za kwanza Bakole ni hatari kubwa, sababu ngumi moja ya kilo 129 haingoji. Ikipita pale, miguu na pumzi vinamwegemea Ali. Mwenye kukataa alete sababu zake, si jina tu.

Na kuna somo ambalo vijana wa mazoezi wasisahau. Wengi wanapenda kuiga Ali wa kamba: kukaa, kupokea, kungoja mwenzake achoke. Ilimpa ushindi Kinshasa. Lakini Ali alipokea ngumi nyingi kwenye miaka yake ya mwisho ya kupigana. Mwaka 1984 ilijulikana kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, wa kutetemeka, na aliishi nao mpaka kufa mwezi wa sita 2016. Madaktari wengi wanaona ngumi za kichwa zilichangia.

Kwa hiyo kijana anayeitwa leo apigane kesho, bila matayarisho, na mtu anayemzidi kilo 15, ana haki ya kusema apana. Bakole mkubwa vile, mwenye kocha na mikataba, siku mbili hazikumutosha.