Kabla ya kupiga picha gofu, piga hodi

Ukitaja Mwakirunge, wengi hapa Mombasa wanafikiria jaa la taka, basi. Mimi nafikiria kuta. Tangu niache chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda, nimekuwa nikizunguka Kisauni na simu yangu iliyopasuka kioo, natafuta nyumba zilizohamwa: hazina paa, mwarobaini umeota sebuleni. Naposti, watu wanapenda. Nilidhani kazi ni hiyo tu.

Kisha siku moja nikaingia gofu la mawe ya matumbawe kule Mwakirunge. Hodi sikupiga. Nani angeitika? Nilikuwa kwenye picha ya tatu niliposikia sauti nyuma yangu: "Wewe kijana, umetumwa na nani?"

Alikuwa mama wa makamo, panga mkononi, anatoka kuchanja kuni. Na hakuwa anatania. Huku bara ya Mombasa, Kisauni hadi Likoni, wako watu wengi waliozaliwa na kuzika wazee wao kwenye ardhi ambayo hati yake haina jina lao. Kwao, mgeni anayepiga picha nyumba si msanii. Ni dalali, au katumwa na dalali. Leo picha, kesho mawe ya mpaka, keshokutwa tingatinga.

Nikamwamkia, nikaomba radhi, nikamwonyesha picha zote. Akalegea. Kumbe ilikuwa nyumba ya baba mkwe wake. Mzee alipofariki, mabati yalihamishiwa kwa mwanawe. Kaburi lake liko nyuma, chini ya mwembe, na mimi nilikuwa nimepita hapo hapo bila habari. Na maneno niliyopanga kuweka chini ya picha? "Jumba la majini." Wallahi niliona haya.

Kabla sijaondoka akaniomba nimpige picha akiwa amesimama mlangoni. Hakuwa na picha hata moja ya nyumba ile. Nilimtumia mwanawe kwa WhatsApp. Hiyo sijaiposti, na sitaiposti.

Kwa hivyo wewe unayetaka kuanza, usianze na nyumba za watu. Anza na Kengeleni. Ule mnara wa kengele unaupita kila siku ukikimbilia matatu. Ni wa Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamishonari wa Church Missionary Society mwaka 1875. Kengele ilipigwa kuwaonya watu wafanyabiashara wa watumwa wakikaribia, na mtaa ukapata jina. Au vuka daraja la Mtwapa uende Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 ulio chini ya Makumbusho ya Taifa. Lipa kiingilio, piga mpaka uchoke.

Nenda asubuhi au baada ya alasiri. Jua la saa saba linafanya kuta zote ziwe nyeupe pepepe. Usiende peke yako, chunga visima vilivyofichwa na nyasi, usipande ngazi za zamani, na usiondoke na chochote, hata msumari.

Ukirudi mitaani, uliza jirani kwanza: hii ni nyumba ya nani? Akikubali, kaa usikilize hadithi yake kabla ya kutoa simu. Akikataa, sema asante, nenda zako. Magofu mengine yapo.