Soma Chuma Kabla ya Kulipa
Jinsi ya kutambua vifaa vya zamani vya magari ya jeshi



Vijana wa kikundi kimoja hapa upande wa Ruiru walichanga pesa kidogo kidogo mpaka wakapata za kufungulia gereji. Wakaenda Thika kwa muuza vyuma chakavu, wakanunua gunia zima la spana. Waliambiwa ni chuma cha Mwingereza, cha jeshi, hakivunjiki. Na kweli kilikuwa kizuri. Lakini siku ya kwanza ilipokuja pikapu ya Toyota, hakuna spana iliyokaa sawasawa. Nati mbili zikaliwa pembe, na mwenye gari akadai alipwe.

Tuliketi nao, tukamwaga gunia chini, tukasoma spana moja moja. Tuliyojifunza siku hiyo ndiyo haya.

Vilitoka wapi?

Katika Vita Kuu ya Pili majeshi mengi yalikusanyika Kenya, na mwaka wa 1941 yakapita kaskazini mpaka Addis Ababa. Baadaye ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Hapa karibu, Kahawa, palikuwa na kambi ya Waingereza iliyoitwa Templer. Mwaka wa 1965 kambi hiyo ikawa Chuo cha Kenyatta, ambacho leo ni Chuo Kikuu. Majeshi huwa na malori, jipu na Land Rover, na kila gari lina jeki na spana zake. Basi si ajabu vitu vya namna hiyo kuonekana sokoni kwetu.

Safisha kwanza

Tumia brashi ya waya na mafuta ya taa. Usitumie mashine ya kusaga chuma, itakula maandishi. Kikikauka, paka chaki kisha pangusa. Chaki itabaki ndani ya herufi nawe utasoma.

Alama za kutafuta

1. *Mshale.* Mali ya serikali ya Uingereza hupigwa alama ya mshale wenye mistari mitatu, kama unyayo wa kuku. Ukiwa ndani ya herufi C, kifaa ni cha jeshi la Kanada. Ukiwa ndani ya U, ni cha Afrika Kusini. Mishale miwili iliyogusana ncha maana yake kitu kilitolewa jeshini na kuuzwa.

2. *Mwaka.* Mara nyingi karibu na mshale kuna mwaka, kama 1943, au tarakimu mbili tu, 43. Huo ni mwaka kifaa kilipotengenezwa, si lazima uwe mwaka wa gari. Spana ya 1943 yaweza kuwa ilifanya kazi kwenye lori la 1955.

3. *Namba ndefu.* Namba ya tarakimu 13 inayoanza na 5120 ni ya vifaa vya mkono kwa hesabu ya nchi za NATO. Tarakimu mbili zinazofuata hutaja nchi: 99 ni Uingereza, 00 au 01 ni Marekani. Ukiiona hiyo, ujue kifaa si cha wakati wa vita vya Hitler. NATO yenyewe iliundwa mwaka wa 1949.

4. *Kipimo.* Hapa ndipo vijana wetu walipoanguka. Spana ya W, yaani Whitworth, au ya BSF, hutaja unene wa bolti. Spana ya AF hutaja upana wa mdomo wa spana wenyewe. Kwa hiyo spana ya 1/4 W ina mdomo wa milimita 13.3 hivi, na ya 1/2 AF ina milimita 12.7. Robo imekuwa kubwa kuliko nusu! Toyota hutumia milimita kamili: 10, 12, 14. Ukiitia 1/2 AF kwenye nati ya 12, itaingia, itacheza, na kuila pembe.

Mitungi ya petroli

Mtungi wa chuma wa lita 20 wenye vishikio vitatu ulibuniwa na Wajerumani kabla ya vita. Waingereza na Wamarekani wakauiga. Ndipo tukapata neno jerikeni, kwani askari wa Uingereza walimwita Mjerumani "Jerry". Ya Waingereza mara nyingi ina herufi WD, mshale na mwaka. Usiweke maji ya kunywa ndani ya mtungi uliowahi kuwa na petroli. Na usiuchomelee, hata kama waonekana mtupu. Mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Tahadhari mbili

Kwanza, sheria. Kununua mali ya wizi kwaweza kuwafikisha kortini, na kufuta alama ya serikali ili kuficha mali ni kosa. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inataka mfanyabiashara wa vyuma awe na leseni. Mdai risiti, na mweka hazina aiweke. Kifaa kikiwa kipya kipya na kina alama ya jeshi, mwachie mwenyewe.

Pili, uhai. Ukikuta kitu kama bomu au risasi kubwa, hata kikiwa na kutu, usikiguse wala usikipeleke kwenye mizani. Kaa mbali, zuia watoto, uite polisi.

Mwisho wa gunia

Zile spana za W hazikutupwa. Injini za zamani za Lister, zinazozungusha mashine za kusaga unga, hutumia nati za kipimo hicho. Vijana walimpata fundi wa posho mill aliyezihitaji, akazinunua. Pesa hizo zikanunua seti ndogo ya milimita. Hasara ilibaki, lakini si yote.

Maswali ya kuzungumza kikundini

- Kabla ya kununua vifaa, nani kati yetu hukagua, na hukagua nini?
- Tunaweka risiti zetu wapi?
- Ni kifaa gani tulicho nacho ambacho hatujawahi kusoma kilichoandikwa juu yake?